Apple Music Classical: kumfikia mtunzi kupitia wimbo unaoujua tayari

Mwanakwaya aliyeimba "Haleluya" ya Handel kila Pasaka kwa miaka ishirini, akisoma nota za sol-fa zilizonakiliwa kwa mkono, ni mpenzi wa muziki wa klasiki hata kama hajawahi kujiita hivyo. Mapenzi anayo, anachokosa ni mtu wa kumwonyesha njia baada ya Handel. Nimetumia Apple Music Classical, programu ya kusikilizia muziki wa klasiki kwenye simu, kwa miezi minane nikiwa na swali hilo moja: je, programu hii inaweza kumkutanisha msikilizaji wa kwetu na mtunzi anayemfaa? Jibu langu ni kwamba inaweza, tena kuliko huduma nyingine yoyote niliyowahi kuilipia, ila kwa sharti kwamba msikilizaji aingie kwa mlango wake mwenyewe.

Programu hii ilitoka tarehe 28 Machi 2023 kwa watumiaji wa iPhone, na mwishoni mwa Mei mwaka huohuo ikafika kwenye simu za Android, jambo lililokuwa muhimu sana kwa wengi wetu. Imejengwa juu ya Primephonic, huduma ya Uholanzi ambayo Apple iliinunua mwezi Agosti 2021. Mwenye usajili wa kawaida wa Apple Music haongezi hata senti moja. Wakati wa uzinduzi zilitajwa rekodi zaidi ya milioni 5, kazi zaidi ya 115,000 na watunzi zaidi ya 20,000, na mtu anayeanza akizitazama hesabu hizo anaweza kuifunga simu na kurudi kwenye redio.

Ubora wake wa kwanza uko kwenye utafutaji. Huduma nyingi za muziki zimepangwa kwa msanii, albamu na wimbo, ilhali kazi ya klasiki ina mtunzi, ina sehemu kadhaa zinazofuatana, kisha ina kondakta, okestra na wapigaji ambao hubadilika kutoka rekodi moja hadi nyingine. Katika huduma moja niliyokuwa nayo zamani nilitafuta kwarteti ya Haydn, yaani kazi ya ala nne za nyuzi, nikapewa sehemu ya pili iliyopigwa na kikundi kimoja na sehemu ya nne iliyopigwa na kikundi kingine. Sehemu ya kwanza sikuiona kabisa. Apple Music Classical huanza na kazi yenyewe. Ukiandika namba ambayo kazi imepewa katika orodha ya kazi za mtunzi, kama BWV 80 ya Bach, au Op. 76 ya Haydn, au hata jina la utani ambalo kazi hiyo imezoeleka kuitwa, unafikishwa kwenye ukurasa wa kazi hiyo ukiwa na maelezo mafupi na rekodi zake zote, na mara nyingi rekodi moja imeteuliwa na wahariri ili mgeni asihangaike kuchagua kati ya mia.

Kwa upande wa watunzi, kila mmoja mashuhuri ana ukurasa wake wenye wasifu na orodha ya kazi za kuanzia. Orodha hizo zimepangwa kwa uangalifu, nami nimejifunza mengi kwazo. Hata hivyo zinamsaidia zaidi mtu ambaye tayari ana jina mkononi. Asiye na jina huwekewa mbele Bach, Mozart na Beethoven, ambao ukubwa wao haubishaniwi; lakini ukubwa wa mtunzi ni jambo moja, na kumfaa msikilizaji fulani ni jambo lingine.

Ndiyo maana nilichukua kitabu cha nyimbo za kanisani na kuanza nacho. Baadhi ya tuni tunazoziimba kila Jumapili zina jamaa zake kwenye kumbi za okestra, na kila tuni ya namna hiyo ni mlango wa kumfikia mtunzi. Nilianza na wimbo wa Martin Luther wa Mungu aliye ngome, ambao Walutheri huuimba sikukuu ya Matengenezo, nikatafuta Simfoni ya 5 ya Mendelssohn, aliyoitunga mwaka 1830 kwa ajili ya miaka 300 ya Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri. Siku moja baada ya mazoezi niliunganisha simu na spika ya kwaya na kuwafungulia wenzangu mwanzo wa sehemu ya mwisho. Filimbi moja tu inaingia, pole, bila kusindikizwa, na inapiga mstari wa kwanza wa wimbo ule kama mtu anayeukumbuka akiwa peke yake. Kisha ala nyingine za kupuliza zinajiunga nayo, moja baada ya nyingine. Mama mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa akikunja sare yake aliinua kichwa.

"Mwalimu, huyu ameutoa wapi wimbo wetu?"

Swali hilo ndilo kiini cha huduma yoyote inayodai kuwaunganisha watu na watunzi, na sijaona orodha ya mapendekezo inayoweza kulizaa. Tangu siku hiyo mama huyo ni msikilizaji wa Mendelssohn, na si kwa sababu aliambiwa kwamba Mendelssohn ni mkubwa.

Kwa wanaosoma nota, napendekeza zaidi Haydn, hasa kwarteti ya Op. 76 namba 3. Sehemu yake ya pili imejengwa juu ya tuni aliyoitunga mwaka 1797 kwa ajili ya mfalme wake, ambayo baadaye iliingia katika vitabu vingi vya nyimbo za kanisani na pia ikawa wimbo wa taifa wa Ujerumani. Haydn haibadilishi tuni. Anaipeleka kwa fidla ya pili, halafu kwa chelo, halafu kwa viola, na mwishoni inarudi kwa fidla ya kwanza, huku ala nyingine zikiipambia kila mara kwa namna mpya. Mtu aliyezoea kuimba sauti ya tatu, ambaye kwa kawaida hapewi tuni, atalielewa jambo hili mara moja chelo inapoishika. Kwa wapendao nyimbo za faraja yupo Sibelius na "Finlandia" yake ya mwaka 1899: vumilieni ngurumo za mwanzo, wimbo mtulivu utafika.

Njia hii haiwafai watu wa kanisani peke yao. Jirani yangu hapa Tanga ni mzee aliyelelewa na taarabu asilia, na sikio lake liko kwenye fidla. Nilipomwamkia na kumweleza ninachokifanya, alinitaka nimsikilizishe kitu chenye hadithi, nami nikamfungulia "Scheherazade" ya Rimsky-Korsakov, ya mwaka 1888, ambayo chimbuko lake ni Alfu Lela Ulela. Fidla ya peke yake ndiyo sauti ya yule mke anayesimulia usiku ili asiuawe, na kila inaporudi, juu kabisa na kwa upole, msikilizaji anajua kwamba hadithi nyingine inaanza. Bahari ya Sindbad imechorwa na mtu aliyewahi kuwa mwanamaji. Mzee alisikiliza dakika zote arobaini na kitu, akaniomba nimwandikie jina la mtunzi kwenye karatasi.

Kijana mmoja wa kwaya aliuliza kama yupo mtunzi wa damu ya Kiafrika. Samuel Coleridge-Taylor, mzaliwa wa London mwaka 1875, mwana wa daktari kutoka Sierra Leone, yumo, na kazi yake ya kwaya ya mwaka 1898 kuhusu arusi ya Hiawatha, shujaa wa shairi la Longfellow, ingefaa kabisa kwaya zetu kubwa.

Kuhusu gharama, lazima niseme wazi kwamba huduma hii hutegemea mtandao, na sauti ya kiwango cha juu kabisa, ambayo hufika biti 24 na kilohezi 192, hula bando kwa kasi. Kwa spika ndogo ya kwaya hakuna haja nayo. Punguzeni kiwango kwenye mipangilio. Maelezo ya watunzi niliyoyasoma yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nimekuwa nikiyafasiri kwa mdomo kabla ya kucheza rekodi, na ningefurahi sana siku nitakapoyasoma kwa Kiswahili.

Kwa mwalimu wa kwaya, ada ya mwezi inastahili. Sisi sasa tuko kwenye kantata ya Bach (kazi ya kwaya na okestra yenye sehemu kadhaa), BWV 80, iliyojengwa juu ya wimbo uleule wa Luther. Katika sehemu ya kwanza sauti nne zinafukuzana kiasi kwamba wengine walidhani rekodi ina kasoro, nikairudia mara tatu. Jumamosi iliyopita tulifika sehemu ya tano, pale sauti zote nne zinapoacha njia zake na kuimba tuni ile kwa pamoja, okestra ikichafuka kuzizunguka, na mama wa sauti ya pili alikuwa akiimba nao kwa Kiswahili.