Gazeti jipya la mbio za farasi: uzoefu wangu baada ya matoleo manane, nikiwa Nakuru

Nimesoma matoleo yote manane yaliyotoka hadi sasa, ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi. Gazeti linatoka Jumatano na Jumamosi, lina kurasa 24, bei yake Sh100, na hapa Nakuru wauza magazeti wa katikati ya mji huwa nalo kuanzia kama saa moja na nusu asubuhi. Nataka lidumu. Gazeti la mbio kwa Kiswahili ni kitu ambacho wapenzi wa mchezo huu walikihitaji kwa muda mrefu, na makosa yake nayataja hapa moja baada ya jingine kwa sababu karibu yote yanarekebishika ndani ya wiki moja.

Hukumu yangu ni hii: nunua kwa ajili ya jedwali la rekodi, na ukurasa wa utabiri uuruke. Jedwali limekusanywa na mtu anayejua kazi. Utabiri unakupa jina la farasi na nyota tatu bila kukueleza sababu hata moja, na nyota bila sababu hazimfundishi msomaji kitu.

Chukua mstari mmoja wa jedwali kama ulivyochapwa:

4 (7) 6/31-20 C 5 57.5

Namba 4 ndiyo utakayoiona kwenye kitambaa cha tandiko. Saba iliyo ndani ya mabano ni lango la kuanzia. Kisha zinafuata nafasi alizomaliza katika mbio zake, na hizi husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, za zamani zikitangulia na ya karibuni kabisa ikiwa mwisho kulia. Huyu alimaliza wa sita, akakaa nje kwa muda mrefu (ndiyo maana ya mkwaju, /), akarudi akawa wa tatu, akashinda, msimu ukaisha (ndiyo maana ya kistari, -), msimu huu akaanza kwa kuwa wa pili, na mara ya mwisho akapata 0. Sifuri hiyo haimaanishi kwamba hakukimbia. Ina maana alimaliza wa kumi au nyuma zaidi. C inasema amewahi kushinda kwenye uwanja huu huu. Ingekuwa D, ungejua ameshinda umbali huu, na BF ni kwamba mara ya mwisho alishindwa ilhali ndiye aliyekuwa amebashiriwa zaidi. Tano ni umri wake, 57.5 ni kilo anazobeba, joki na tandiko pamoja.

Maelezo haya ya alama yalichapwa katika toleo la kwanza tu, ukurasa wa 3, kisha yakatoweka. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Wasomaji wenzangu wa hapa na wa Kisumu wanaolalamika kwamba jedwali "linadanganya" wengi wao wanalisoma kinyume: wanaona 6 mwanzoni wanadhani ndiyo mbio ya juzi. Aliyelikuta gazeti katika toleo la nne hana mahali pa kujifunzia. Ufunguo wa alama unatosha kwenye kisanduku cha upana wa vidole vitatu chini ya kila ukurasa wa jedwali, tena kila toleo.

Mbio za kuruka vizuizi ndizo zilizowachanganya hata wahariri. Katika ratiba ya Aintree, uwanja wa Uingereza wa mbio hizo, safu ya lango la kuanzia ilijazwa sifuri kwa kila farasi. Mbio za vizuizi hazina malango kabisa. Farasi hujipanga nyuma ya utepe na kuondoka pamoja. Grand National yenyewe, mbio kuu ya Aintree, sasa inaruhusu farasi 34, wakiruka vizuizi 30, na sifuri 34 zikishuka kwenye safu moja zinamfanya msomaji mgeni adhani kuna taarifa iliyopotea. Safu hiyo iondolewe, na nafasi yake ziwekwe herufi ambazo kwenye vizuizi ndizo muhimu: F kwa aliyeanguka, U kwa aliyemwangusha joki, P kwa aliyesimamishwa na joki wake kabla ya kumaliza. Farasi mwenye F mbili katika mbio nne ana habari ya kukupa kuhusu namna anavyoruka.

Sasa odi. Hapa gazeti limewagharimu watu ufahamu, na pengine pesa pia. Odi za Uingereza huandikwa kwa sehemu, kama 5/2, yaani faida ya shilingi tano kwa kila mbili ulizoweka. Gazeti limezigeuza kuwa desimali kwa kugawanya tu, likaandika 2.5. Si sahihi. Odi ya desimali hujumlisha na dau lako linalorudi, kwa hiyo 5/2 ni 3.5. Ukiweka Sh200 kwa 5/2 unapata faida ya Sh500, na mkononi Sh700. Kosa linaonekana wazi zaidi kwa farasi anayepewa nafasi kubwa: 4/6 ilichapwa 0.67, kana kwamba ukishinda unapoteza theluthi ya pesa yako! Inapaswa kuwa 1.67. Kanuni ni gawanya, kisha ongeza moja. Hadi watakaporekebisha, ongeza moja mwenyewe kwa kalamu pembeni mwa kila namba.

Ukishazirekebisha, odi hizo hizo zinakuonyesha jambo ambalo gazeti bado halijaligusa. Gawa 100 kwa kila odi ya desimali, halafu jumlisha. Mbio ya farasi sita wenye 2.5, 4, 5, 8, 11 na 15 inatoa 40, 25, 20, 12.5, 9.1 na 6.7, jumla 113.3. Hiyo 13.3 iliyozidi mia ndiyo sehemu ya mwenye duka la kubeti, na inakatwa kabla mlango wa kuanzia haujafunguka. Jumla ikikaribia 130 katika mbio ya farasi sita, iache ipite. Safu moja ya hesabu hii chini ya kila mbio ingemsaidia msomaji kuliko nyota zote za ukurasa wa 5.

Kuhusu uzito, gazeti linastahili sifa na lawama kwa pamoja. Mbio za Afrika Kusini limeziandika kwa kilo, vizuri. Za Uingereza limeziacha kama zilivyo, 9-7 kwa mfano, bila neno. Hizo ni stoni 9 na ratili 7, sawa na kilo 60.3. Stoni moja ni ratili 14, na ratili ni gramu 454 hivi. Tofauti hizi zina uzito wake, hasa kwenye handikapu, ambako farasi bora hubebeshwa zaidi makusudi ili wote wakaribiane. Kipimo cha makadirio wanachokitumia wengi ni kwamba katika mita 1,600 kilo moja ya ziada humrudisha farasi nyuma kwa karibu urefu wa farasi mmoja, na katika mita 1,000 inahitajika karibu kilo moja na nusu kwa urefu huo huo. Aliyeshindwa kwa urefu mmoja na leo amepunguziwa kilo mbili dhidi ya aliyemshinda, mtazame tena.

Kisha saa. Kwa matoleo manne ya kwanza nyakati za Uingereza zilikuwa sahihi, kisha zikaharibika zote kwa pamoja, na sababu yake ni moja. Kenya hatubadilishi saa. Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majira ya baridi tunawatangulia kwa saa tatu, majira ya joto kwa saa mbili. Gazeti limeendelea kujumlisha tatu. Mbio ya saa nane na nusu mchana ya huko inachapwa hapa kuwa saa kumi na moja na nusu jioni, ilhali inaanza saa kumi na nusu. Msomaji anafika kwenye skrini, farasi wameshapelekwa kuoshwa. Afrika Kusini haisumbui: iko nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima. Dubai iko mbele kwa saa moja, nayo haibadiliki.

Toleo la Jumatano lina tatizo la aina nyingine. Linachapa mbio za Jumamosi kana kwamba orodha imekamilika. Uingereza, kwa mbio za uwanja tambarare (zisizo na vizuizi), farasi huthibitishwa saa 48 kabla. Kilichochapwa Jumatano basi ni walioandikishwa tu, na wengi wao hawatakimbia. Dalili utaiona mwenyewe: safu ya joki ina vistari vitupu. Itumie kama orodha ya kujifunza majina, usiijengee mkeka wa kubeti.

Hata orodha ya Jumamosi hubadilika. Uwanja ukikauka ghafla, au daktari wa mifugo akikataa, farasi huondolewa asubuhi ile ile. Kama ulikuwa umeshachukua odi, faida yako hukatwa kulingana na odi ya aliyeondoka. Akiwa alikuwa 2/1, hukatwa senti 30 kwa kila shilingi ya faida. Faida yako ya Sh500 inashuka hadi Sh350, na pamoja na dau la Sh200 unapokea Sh550. Akiwa alizidi 14/1, hakuna kinachokatwa. Wenzetu wa Kisumu wanaumia zaidi hapa, maana gari la magazeti lina kama kilomita 350 kutoka Nairobi na nakala huwafikia saa nne au tano, orodha ikiwa imeshachakaa kwa saa nyingi. Namba moja ya ujumbe mfupi ya kupokea majina ya walioondolewa, ichapwe ukurasa wa kwanza, ingetosha.

Tafsiri ya hali ya uwanja nayo inahitaji mkono mmoja. Toleo hili "laini", lile "lenye unyevu", na mara mbili nimekuta maneno yote mawili kwenye ukurasa mmoja kwa hali ile ile. Wachague ngazi tano, mgumu, mgumu kiasi, mzuri, laini, mzito, na wasizibadilishe tena.

Kwa upande wa karatasi nasema kidogo. Tarakimu ni ndogo mno, na mkunjo wa kati unapita juu ya safu ya kilo kwenye mbio ya nne, wino unachanua, 56 inasomeka 58. Safu isogezwe sentimita mbili.

Ninachokitaka zaidi ya yote ni kurasa za kwetu. Uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya, umepewa nusu ukurasa wa 22, orodha tupu bila rekodi. Mbio zake huwa Jumapili, farasi kwa kawaida ni wachache, kwa hiyo rekodi kamili za siku nzima zinaenea kwenye kurasa mbili. Mvua za masika huubadilisha uwanja ndani ya wiki, na msomaji anahitaji kujua ni nani aliyewahi kukimbia vizuri kwenye tope. Na ukanda huu wetu si mgeni kwa farasi. Njoro ndiko Beryl Markham alikokulia kwenye mazizi ya baba yake, akapata leseni ya ukufunzi akiwa bado kijana, na mwaka 1926 farasi aliyefundishwa naye, Wise Child, akashinda mbio ya St Leger ya Kenya. Saisi anayeamka saa kumi alfajiri kukagua miguu ya farasi kwa kiganja, akitafuta joto kwenye kano, anajua mambo ambayo hakuna mtabiri wa nyota anayeyajua. Ukurasa mmoja kwa wiki wa watu hawa ungelifanya gazeti liwe letu.

Kwa sasa nunua la Jumamosi, kata ufunguo wa alama kutoka toleo la kwanza (au nakili hapo juu), ongeza moja kwenye kila odi ya Uingereza, punguza saa moja kwenye kila wakati wa Uingereza hadi mwisho wa Oktoba. La Jumatano litakuwa na thamani siku watakapoandika juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba hiyo ni orodha ya walioandikishwa.