Galaxy Tab S6 Lite: Kishikwambi cha 2020 Ambacho Bado Sikiachi

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Kwenye komenti mmeniuliza sana: simu zimekuwa kubwa, laptop zimekuwa nyepesi, sasa kishikwambi cha nini? Basi leo nimewaletea hiki, Samsung Galaxy Tab S6 Lite. Kilitoka 2020. Mambo ya kamera na prosesa naruka, mnayajua.

Nataka muone kalamu. Hili ni faili la PDF, maswali ya fizikia. Nalifungua kwenye Samsung Notes, naandika juu yake moja kwa moja. Angalieni kiganja: nimekilaza chote kwenye kioo, na hakuna alama hata moja iliyoharibika. Nikikandamiza, mstari unanenepa. Nikilegeza, unakonda. Nabana kitufe hiki cha ubavuni mwa kalamu, nasugua, jibu limefutika! Na kalamu yenyewe haina betri. Haichajiwi kabisa, nguvu inaipata kwenye kioo. Halafu inakuja ndani ya boksi! Wenzetu wa iPad kalamu wananunua pembeni, na lazima waichaji. Hilo linaniudhi sana, ingawa kwenye programu za kuchora iPad iko mbele, siwezi kubisha.

Haya, jaribu kufanya hivi kwenye simu. Au andika mlinganyo kwa kibodi ya laptop uone kazi yake. Mimi sioni kama vinagombana. Ukiweka programu ya spacedesk kwenye kompyuta yako ya Windows na humu pia, kishikwambi kinageuka skrini ya pili: unaandika ripoti kule, maelezo unayasoma huku.

Walimu wangu wa Tanzania, vile vishikwambi vya sensa ya 2022 mlivyogawiwa, msivifungie kabatini. Kitabu cha PDF humo kinasomeka bila kuvuta vuta ukurasa.

Kinachonikera? Ukifungua programu nyingi kwa pamoja, kinakuwa kizito. Wa magemu, tafuteni kingine.



Bei: Marekani kilianza kwa dola 350 hivi. Ukikipata kilichotumika pale Kariakoo, usitoe hela kabla hujaiona kalamu yake. Kisha ipitishe kwenye kioo kizima, kona hadi kona, taratibu. Mstari ukikatika popote, mrudishie muuzaji mzigo wake.