Kamba wa pakiti kwa sosi ya spageti: waliomenywa au wenye maganda?

Ndugu watazamaji, habari za saa hizi, na karibuni tena jikoni kwangu hapa Mbeya, ambako baridi ya asubuhi imeshuka kutoka mlima Loleza kiasi kwamba mnaniona nimevaa sweta mbele ya jiko linalowaka. Mezani ninazo pakiti mbili za kamba waliogandishwa, na kila moja imeandikwa gramu 500. Ninaposema kamba ninakusudia wale wa baharini, na ninalisema hilo mapema kwa sababu kijana niliyemtuma dukani wiki iliyopita alirejea na mita tano za kamba ya katani.

Majina ya kampuni nimeyafunika kwa karatasi, kwa kuwa ninachochambua leo ni aina ya bidhaa na si nembo yake. Pakiti ya kwanza ina kamba waliokwisha kumenywa. Ya pili ina kamba wasio na vichwa lakini wenye maganda yao. Ya kwanza ilinigharimu theluthi moja zaidi ya ya pili, na muuzaji alinihakikishia kwamba nyongeza hiyo ni malipo ya kazi niliyoepushwa. Nitawapika wote wawili katika sosi nyepesi ya spageti yenye mboga za majani, ili tuone kama mtu anayeishi zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam analipia kamba au analipia barafu.

Kabla ya kufungua, natikisa pakiti karibu na maikrofoni. Sikilizeni. Hii ya kwanza inalia kama kokoto ndani ya kopo, maana yake kila kamba amegandishwa peke yake na amebaki hivyo njia nzima. Ya pili nayo inalia, ingawa pembeni pana watatu walioshikana. Mwezi uliopita nilikuta dukani pakiti iliyokuwa donge moja zito, nikairudisha kwenye friza bila kuuliza bei, kwa sababu donge la namna ile ni dalili kwamba mzigo uliyeyuka mahali fulani, pengine umeme ulipokatika, kisha ukagandishwa upya. Kamba wa namna hiyo nyama yake hulegea, na usalama wake hauna wa kuuthibitisha.

Sasa tusome maandishi ya nyuma. Kwenye pakiti zote mbili mnaona 41/50, tarakimu ambazo wanunuzi wengi huzipita kama namba ya mzigo. Kwa kawaida hiyo ni idadi ya kamba katika paundi moja, yaani takriban gramu 454, hivyo kadiri tarakimu zinavyopungua ndivyo kamba wanavyokuwa wakubwa. Kwa sosi ya leo 41/50 ni saizi nzuri. Wadogo zaidi huiva kabla hujaweka mwiko chini. Viambato vya pakiti ya kwanza ni kamba, maji, chumvi na E451. Hiyo E451 ni trifosfati, kiungo kinachoruhusiwa katika vyakula, na kazi yake ni kuifanya nyama ishike maji. Pakiti ya pili ina E223, yaani metabisulfiti ya sodiamu, inayozuia maganda yasigeuke meusi. Mwenye pumu au anayedhurika na salfaiti, kundi la kemikali ambamo E223 imo, asiipuuze alama hiyo, hata kama mpishi ni mama yake mzazi.

Kamba wote wamelala usiku kucha kwenye friji, kila kundi ndani ya chujio lililowekwa juu ya bakuli. Msiwayeyushe kwa maji ya moto, kwani nje wataanza kuiva wakati ndani bado ni barafu. Nimewaacha wachuruzike vizuri, na sasa nawapima mbele yenu. Waliomenywa: gramu 390. Gramu 110 zilizokosekana zipo hapa kwenye bakuli, maji matupu. Tabaka jembamba la barafu juu ya kamba si kosa, kwani humkinga asikauke akiwa kwenye friza, lakini barafu hiyo haipaswi kuhesabiwa ndani ya uzito halisi unaoandikwa. Wenye maganda: gramu 455. Nawamenya, naondoa ule mshipa mweusi wa mgongoni kwa ncha ya kisu, napima tena: gramu 375.

Tofauti ya nyama, basi, ni gramu 15. Kwa gramu hizo 15 na dakika 12 za kumenya nilitozwa theluthi moja ya bei, na bado sijataja kitu chenye thamani kuliko vyote mezani hapa, nacho ni hili rundo la maganda ambalo pakiti ya kwanza haina.

Maganda haya yanakwenda kwenye sufuria yenye kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Tazameni rangi: yalikuwa ya kijivu, na ndani ya dakika nne yamekuwa ya machungwa, mafuta nayo yamegeuka vivyo hivyo. Harufu iliyopo jikoni sasa hivi ni ya pwani kabisa. Naongeza vikombe viwili vya maji na kipande cha kitunguu, naacha yachemke polepole kwa dakika 15, kisha nachuja. Nimebakiwa na kikombe kimoja cha supu, na hicho ndicho kitakachobeba sosi.

Kuhusu spageti nitasema machache. Tafuteni pakiti iliyoandikwa ngano ya durum au semolina, kwa sababu ngano hiyo ngumu hustahimili kuchemshwa, ilhali nyingi za bei ya chini zinazotengenezwa kwa ngano laini huvurugika mara tu zikikutana na sosi. Zingatieni pia kwamba dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zimehesabiwa kwa maji yanayochemka kwenye nyuzi 100. Hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94, hivyo pakiti inayosema dakika 9 mimi huiivisha kwa 11 au 12. Watazamaji wa Makete na Njombe, ambao wako juu zaidi yetu, waongeze kidogo tena na waonje badala ya kutegemea saa. Maji yawe lita moja kwa kila gramu 100, na chumvi iwepo tangu mwanzo.

Mboga niliyoichagua ni figiri, mafungu mawili kutoka soko la Mwanjelwa. Nilijaribu mchicha mara mbili: hutoa maji mengi na kupotea ndani ya sosi kana kwamba haukuwekwa. Chainizi si mbaya, ila ni mpole mno. Figiri ina ukali kidogo unaokaribia haradali, na ukali huo ndio unaozuia utamu wa kamba usichoshe ulimi. Mnafu naupenda kuliko mboga zote hizi, lakini kwa ugali. Uchungu wake unawafunika kamba, na sikutumia fedha hizi zote ili nile mnafu. Mabua ya figiri nayakata vipande vidogo na kuyatenga, kwa sababu yanaingia sufuriani mapema kuliko majani.

Nimewasha majiko mawili. Kamba wote nimewakausha kwa kitambaa safi, nikawatia chumvi kidogo. Kikaango cha kushoto ni cha waliomenywa. Naomba kamera isogee karibu, kwa kuwa jambo hili haliwezi kuelezwa vizuri kwa maneno: haijapita dakika moja, na tayari pana povu jeupe na dimbwi la maji, kiasi kwamba kamba wanachemka badala ya kukaangika, na kila mmoja amesinyaa mbele ya macho yetu. Hayo ndiyo maji yaliyoshikiliwa na trifosfati. Kikaango cha kulia kimekauka, na kamba wake wameanza kupata ukingo wa dhahabu. Dakika moja kila upande inatosha. Kamba akijikunja kama herufi C ameiva. Akijifunga kama herufi O amepitiliza na atakuwa kama mpira. Nawatoa wote na kuwaweka pembeni, kwa sababu hawatarudi hadi mwisho.

Kwenye vikaango hivyo hivyo, bila kuviosha, naweka mafuta, punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba na kipande cha pilipili, moto ukiwa mdogo. Kitunguu saumu kikiwa cha kahawia, mwageni mwanze upya. Nyanya tatu ni za Ilula, Iringa, zilizoiva hadi zinapasuka kwa kidole, na hizo hazihitaji nyanya ya kopo kuzisaidia. Zikishalainika naweka mabua ya figiri, halafu supu ya maganda upande wa kulia. Upande wa kushoto, kwa kuwa hakuna maganda, naweka maji ya kuchemshia spageti peke yake. Spageti naitoa ikiwa imebakiza dakika mbili, naimalizia ndani ya sosi pamoja na majani ya figiri na nusu kikombe cha yale maji yake, ambayo yana wanga unaounganisha mafuta na supu yakawa kitu kimoja kinachong'aa. Nageuza bila kupumzika. Kamba wanarudi, moto unazimwa, ndimu inakamuliwa. Jibini siweki, na Waitaliano wengi hawaiweki kwenye sosi ya vitu vya baharini.

Naonja ya kushoto. Inalika, lakini ni spageti ya nyanya na figiri iliyowekewa kamba juu. Ukiwaondoa kamba, hakuna kilichobadilika. Nyama yenyewe inarudisha meno kwa namna ya mpira laini. Naonja ya kulia. Hapa kamba wamo hata ndani ya kijiko kisicho na kamba. Mboga imeshika ladha ya supu, na ndimu imekuja nyuma yake. Ninaipa pakiti ya pili alama nane kati ya kumi, mbili nikizizuia kwa ajili ya wale watatu walioshikana na gramu 45 za barafu. Ya kwanza ninaipa tano. Mwenye watoto wadogo miguuni na dakika 20 tu za kupika anaweza kuinunua, mradi apande hadi pakiti yenye viambato viwili tu, kamba na chumvi.

Mtaniuliza kuhusu dagaa wa Ziwa Nyasa. Nimeshawajaribu, wanahitaji kukaangwa wakauke kabisa na kunyunyizwa juu mwishoni, nayo ni sosi nyingine ya siku nyingine.

Mama yangu, ambaye ni mtu wa Rungwe, amekaa hapo nyuma ya kamera tangu tulipoanza. Nimempa sahani ya kulia. Ameonja, amenyamaza kidogo, kisha ameniuliza, "Mwanangu, hii ni mboga au ni chakula?" Nimemwambia ni vyote viwili, mama. Amesema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, amezisogeza spageti zote upande mmoja wa sahani, na sasa anaomba ugali.