Laptopu imekuwa nzito, ununue nini kwanza? SSD, RAM, betri au nyingine kabisa

Laptopu ikianza kuchoka watu wengi wanakimbilia kununua nyingine, au fundi anasema "weka RAM" basi inawekwa RAM (memori ya muda ya kufanyia kazi) na uzito uko palepale. Kabla hujatoa hela pima, kupima ni bure. Kwenye Windows subiri ikwame kabisa alafu bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda pale Performance. Ukikuta diski imegota 100% na prosesa imekaa zake kwenye 10 au 15, tatizo ni diski. Memori ikiwa imepita 90%, tatizo ni RAM. Vikijaa vyote viwili mara nyingi RAM ndo imeisha, kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski na diski yenyewe inapumua kwa shida. Hapohapo pia Windows 10 ya karibuni na 11 zinakuandikia kama diski yako ni HDD (ya sahani) au SSD (ya chipu tupu), na hilo jibu ndo linaamua karibu kila kitu.

Namba moja: SSD. Kama imeandika HDD acha kila kitu nunua hii, sioni hata cha kubishania. HDD za laptopu nyingi ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kimkono kinachohangaika kutafuta data, ukikopi muvi moja kubwa utaona MB 100 kwa sekunde ukadhani iko poa, ila Windows ikiwa inawaka inasoma vifaili vidogo maelfu vilivyotawanyika na hapo kasi inashuka hadi MB 1 au 2, ndo maana unawasha unaenda kuoga unarudi bado. SSD haina kimkono, kwa hiyo vifaili vidogo haviitesi.

Ipi sasa? Laptopu yenye HDD karibu zote zinakubali SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5, unene milimita 7, inafika kama MB 550 kwa sekunde na kwa matumizi ya kawaida inatosha sana. Mtego uko kwenye M.2, zile ndefu nyembamba kama ubao wa bigijii, kwa sababu kuna za SATA na kuna za NVMe (za kasi zaidi) na kwa macho zinafanana, soketi nyingine inakubali aina moja tu. Tafuta modeli kamili ya laptopu yako usome inapokea nini, usikubali kuambiwa "zote zinaingia". Na NVMe ya PCIe 4 (PCIe ni njia inayopitishia data, namba ni kizazi chake) inayotangazwa MB 7,000 ukiiweka kwenye mashine ya PCIe 3 itafanya kazi ila itaishia kama 3,500, umelipia mbio ambazo huzitumii. Ukubwa GB 240 ndo mwanzo, 480 au 500 ndo ningechukua. SSD isiyo na jina yenye TB nyingi kwa bei ya kutupa ikimbie, na kama ushainunua ipime ikiwa bado tupu na H2testw (au F3 kwa Linux na Mac), inaijaza yote alafu inasoma tena, ukubwa feki unaumbuka hapo.

Kuhamisha Windows na vitu vyako huhitaji programu ya kulipia. Clonezilla ni ya bure ila ina skrini ya maandishi matupu inayotisha, Rescuezilla inafanya kazi ileile kwa kubofya na mausi. Diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani, vinginevyo itabidi upunguze patisheni (vigawanyo vya diski) kwanza. BitLocker (kufuli ya Windows kwenye data za diski) kama ipo isimamishe kabla na ile rikavari kii iandike mahali pembeni. Alafu kitu muhimu, kabla ya yote fungua CrystalDiskInfo uone afya ya diski ya zamani, ikiwa na rangi ya njano na namba za Reallocated Sectors au Current Pending Sector (hesabu ya sehemu mbovu) zinapanda kila ukiangalia, kopi picha na makaratasi yako kwanza, mambo ya kukloni (kunakili diski nzima) baadaye.

Namba mbili: RAM. Kutoka GB 4 kwenda 8 utasikia tofauti, kutoka 8 kwenda 16 ni kama unaedit video au una tabu 40 wazi na hutaki kufunga hata moja. RAM ina vizazi, DDR3 haiingii kwenye soketi ya DDR4, hata mkato wake hauko sehemu moja, na laptopu nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. CPU-Z ya bure itakuambia unayo aina gani. Ukishaweka iache MemTest86+ (kipima RAM) izunguke raundi moja nzima, ikitoa hata kosa moja irudishe.

Namba tatu: betri, au kusafisha feni. Hii ni kwa laptopu inayokuwa nzito ikipata joto tu au inayozima ukichomoa chaja. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, linganisha uwezo wa kiwandani na wa sasa, ukiwa chini ya nusu nunua betri. Joto liangalie kwa HWiNFO, likigonga nyuzi 95 prosesa inajipunguza kasi yenyewe, vumbi itolewe na pesti (ile inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto) ibadilishwe.

Namba nne: laptopu nyingine. Kama yako ina eMMC (hifadhi ya chipu ya bodini badala ya diski) na RAM ya GB 4 vyote vimechomelewa, hapo kweli huna cha kubadilisha. Watu wengi pia wamestuka kwa sababu Windows 10 iliishiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za kuanzia Intel kizazi cha 8 hivi. Jaribu kwanza Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), inataka GB 2 za RAM ila 4 ndo inakaa vizuri, unaiweka kwenye flashi kwa Rufus unaitumia bila kufuta chochote kwenye diski ya laptopu, LibreOffice (mbadala wa Word na Excel) imo ndani. Kama kazi yako ni Photoshop haitakufaa, nunua tu. Ukinunua ya mtumba nenda na flashi yenye CrystalDiskInfo na HWiNFO, zifungue mbele ya muuzaji. Akikataa, ondoka.

Ya mwisho kabisa: programu za "kusafisha na kuongeza spidi". Usilipie hata moja. Kujua nini kimejaza diski kuna WinDirStat, kuzima vinavyojiwasha kuna Startup humohumo kwenye Task Manager, na antivairasi ya Windows Defender tayari unayo. Hizi zote nilizotaja zishushe kwenye tovuti za wenyewe, na uwe makini na yale mabatani makubwa ya kijani yaliyoandikwa Download, mengi ni tangazo, linki yenyewe huwa ni kamaandishi kadogo pembeni.