Namanga: kituo cha pamoja kimeokoa muda, ila si wa kila mtu

Nafundisha Jiografia kidato cha tano na sita hapa Arusha, na nikienda Nairobi napita Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Wenzangu huniuliza kama kile Kituo cha Huduma kwa Pamoja kimebadilisha kitu, au ni jengo zuri tu. Kimebadilisha, tena sana.

Zamani ulishuka upande wa Tanzania ukapanga foleni ya kugongewa muhuri wa kutoka, ukavuka na begi lako juani huku wabadilisha fedha na akina mama wa shanga wakikufuata, halafu ukaanza foleni nyingine upande wa Kenya. Tangu Rais Magufuli na Rais Kenyatta wakizindue rasmi Desemba 1, 2018, foleni moja imekufa. Gari likitoka Arusha linalipita jengo la Tanzania na kwenda kusimama kwenye la Kenya. Mle ndani, ofisa Uhamiaji wa Tanzania anakugongea kutoka, unasogea dirisha la pili, wa Kenya anakugongea kuingia. Wakati wa kurudi, yote mawili yanafanyika kwenye jengo la Tanzania.

Nikiwa na wanafunzi, nawasimamisha karibu na dirisha la kwanza. Darasani tumewaambia kwamba dola ina ardhi yake, watu wake, serikali yake na mamlaka yake, na kwamba mamlaka hayo yanakoma mpakani. Sasa watazame: mtumishi wa Tanzania, amevaa sare ya Tanzania, anatumia sheria ya Tanzania akiwa ameketi kwenye ardhi ya Kenya. Anaruhusiwa na Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lakini ni kwa kazi za mpakani tu, kama uhamiaji na forodha, na ndani ya eneo lililotengwa tu. Kenya haijapoteza hata inchi moja. Nimefundisha mada ya mipaka kwa ramani miaka mingi, na hakuna ramani inayolieleza jambo hili kama dirisha lile.

Uzito wake anaujua zaidi aliyeishi miaka ya 1977 hadi 1983, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka huu. Barabara ilikuwepo na watu walikuwepo, ila dola ilisema hapana.

Mstari wenyewe waliukubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro. (Waongoza watalii, tafadhali acheni ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima. Mjukuu huyo, Wilhelm wa Ujerumani, alitawazwa kuwa Kaisari mwaka 1888, mpindo huo wa mpaka ukiwa tayari upo.) Hakuna Mmaasai aliyeulizwa, na malisho yao yakakatwa vipande viwili. Mwaka 1964 mjini Cairo, nchi huru za Afrika ziliamua kuiheshimu mipaka ya wakoloni kama zilivyoikuta. Naelewa kwa nini. Kuifungua upya kungeleta vita kila kona. Lakini gharama yake inalipwa na mfugaji wa Longido na Kajiado hadi leo.

Hapo ndipo napunguza alama. Kituo kimejengwa kwa ajili ya mtu mwenye pasi na lori lenye nyaraka. Ng'ombe hawafuati dirisha, wanafuata mvua. Oktoba 2017, kabla ya uzinduzi, Tanzania ilipiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya, na mwezi huohuo ikateketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kupitia Namanga, kwa hofu ya mafua ya ndege. Nguvu ya dola haijapungua kwa sababu ofisi zimekaa pamoja. Imepangwa vizuri zaidi tu.

Wafanyabiashara wadogo nao wamewekewa utaratibu rahisi: bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, zisizozidi dola 2,000 za Marekani, zinapita kwa cheti chepesi cha asili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi. Ni utaratibu mzuri sana, na ningependa ubandikwe ukutani kwa maandishi makubwa ya Kiswahili na Kimaasai. Mama wa nyanya asiyeujua ataendelea kupita njia za panya, na huko hana wa kumtetea akidhulumiwa.

Jambo jingine ni kitambulisho. Mkenya anakwenda Kampala au Kigali kwa kitambulisho chake cha taifa, lakini kuja Arusha anahitaji pasi au hati ya muda. Tanzania haikujiunga na mpango ule wa nchi tatu. Ndugu wa Nairobi, jueni hilo kabla ya kukata tiketi.

Kwa msafiri wa kawaida nakipa nne kati ya tano. Kwa mfugaji, mbili. Beba pasi au hati halali, na kadi ya homa ya manjano, uiweke karibu, si chini ya begi. Ukipotea, muulize mtu mwenye sare. Usimpe pasi yako kijana yeyote anayejitolea "kukusaidia" nje ya jengo. Na usilale gari likikaribia Namanga, dereva akisema shukeni, shuka na nyaraka zako zote.