Amplifaya ya valvu kwa hedifoni: ulizia omu kabla ya bei

"Dada, nimenunua amplifaya ya valvu, mbona besi imejaa matope?" Malalamiko haya kuhusu valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, yananifikia kutoka Jinja, Arua, hata kwa jirani zangu hapa Bombo, Uganda. Nikiuliza hedifoni ni zipi, ni zile za omu 32 za kuchomeka kwenye simu. Nikiuliza impidansi ya kutolea ya amplifaya, yaani ukinzani wake wa ndani unaopimwa kwa omu, ni omu ngapi, kimya. Muuzaji hakusema na boksi halisemi.

Wati, bluetooth na rangi ya kasha mtavisoma kwenye tangazo lolote. Mimi nimeng'ang'ania namba hiyo moja, kwa sababu sehemu kubwa ya ule "utamu wa valvu" inatoka hapo. Valvu yenyewe inaongeza chake, sikatai. Trayodi, aina rahisi ya valvu, huzalisha hamoniki ya pili, yaani oktavu moja juu ya noti iliyopigwa, na sikio hulipokea hilo kama unene, si kama kasoro. Lakini amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutolea, ile inayoshusha impidansi kabla ya hedifoni, kwa kawaida zina impidansi kubwa, na hiyo ndiyo inayopinda sauti hasa.

Chukua Sennheiser HD 650. Imeandikwa omu 300, ila kwenye besi, kwenye hezi 80 hadi 100 hivi, inapanda hadi karibu 500. Iunganishe na amplifaya ya omu 120: pale inapopanda inapata volti nyingi kuliko kwingine, na besi inainuka kama desibeli moja. Weka rumba ya Kongo usikilize. Gita la besi linasogea mbele kidogo na kujaza nafasi iliyo chini ya mwimbaji. Tamu kweli. Sasa chomeka zile za omu 32. Ni kama moja ya tano tu ya volti inayofika kwenye hedifoni, nyingine inapotelea ndani ya amplifaya, na besi inakosa wa kuishika breki. Hayo ndiyo matope. Hedifoni za planar, zenye kiwambo bapa, haziharibiki hivyo, maana impidansi yao imenyooka, ila sauti itashuka vilevile.

Mafundi wana kanuni yao: impidansi ya kutolea isizidi sehemu ya nane ya ile ya hedifoni. Una omu 32? Tafuta 4 kwenda chini.

Amplifaya ya kwanza kwangu ni Schiit Vali 2, na sijifichi, mimi ni shabiki. Ni mseto: valvu moja mbele, transista nyuma, hivyo impidansi iko chini na inaendesha karibu hedifoni yoyote. Valvu unaichomoa na kuibadilisha kwa mkono. Inakubali 6DJ8, ambayo Ulaya wanaiita ECC88, valvu iliyobuniwa kwa ajili ya televisheni. Angalia adapta tu. Ya Marekani ni ya volti 120 na hapa kwetu ukutani ni 240, kwa hiyo shangazi akikubebea kutoka Boston, mwambie aagize yenye adapta ya 230.

Ya pili ni Bottlehead Crack. Inakuja vipande vipande, unalehemu mwenyewe au unampa fundi anayeheshimu volti kubwa. Ina valvu ya 12AU7 mbele na ya 6080 nyuma, na hiyo 6080 ilibuniwa kudhibiti volti, si kupiga muziki. Zile omu 120 nilizozitaja ni zake. Mwenye HD 600, HD 650 au Beyerdynamic za omu 250 kwenda juu aichague hii kabla ya Vali. Mwenye omu 32 asiiguse.

Darkvoice 336SE ni ya tatu: valvu za 6SN7 na 6AS7, haina transfoma ya kutolea, na hedifoni za omu chache zitakusikilizisha mvumo wa umeme kati ya nyimbo.

Zile amplifaya za bei nafuu zenye valvu mbili za 6J1? Chungulia chini ya valvu. Mwanga mkali wa chungwa mara nyingi ni taa ya LED iliyofichwa kwenye soketi. Tuendelee.

Maana wauzaji ndio wanaonichosha. Duka moja Kampala lilinionyesha "Mullard orijino", valvu za zamani za Uingereza, kwa bei ya mbuzi wawili. Maandishi kufutika kwa kidole si ushahidi, hata za kweli hufutika. Unachotafuta ni msimbo mdogo uliochorwa kwa asidi kwenye kioo chenyewe, chini karibu na pini. Nilipoigeuza valvu niutafute, mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kununua au kusahihisha mtihani. Haukuwepo. Nikamwomba valvu mpya za kampuni ya JJ, nazo bei ikawa imepanda. Eti vita vya Ukraine. Ni kweli mwaka 2022 Urusi ilizuia kwa muda kuuza valvu nje na bei zikapaa, lakini JJ zinatengenezwa Slovakia, na boksi lenye jina la nchi alikuwa amelishika mkononi.