Twilight: Babu wa Miaka Mia Kwenye Darasa la Baiolojia

Habari zenu, watazamaji. Leo mezani tuna Twilight ya Stephenie Meyer, riwaya ya vijana iliyotoka Marekani mwaka 2005. Toleo la kwanza la jalada gumu lina kurasa 498. Nitaeleza mambo yote mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaisoma na hupendi kuharibiwa uhondo, simamisha video hapa, kasome, kisha urudi tuendelee.

Kitabu hiki kimechekwa miaka nenda rudi, na mara nyingi kimechekwa vibaya. Watu wanamcheka vampaya, kiumbe mnyonya damu, anayemeremeta juani, basi, wamemaliza. Kumeremeta si kosa. Mwandishi akibuni kiumbe wake ana haki ya kumpa ngozi anayoitaka, ilimradi ngozi hiyo iwe na kazi kwenye hadithi. Hapa inayo. Ndiyo sababu akina Cullen, familia ya vampaya, wanaishi Forks, mji mdogo wa jimbo la Washington ambako mawingu na mvua ndiyo hali ya kawaida, na ndiyo sababu jua likitoka hawaonekani shuleni. Hilo limefungwa vizuri. Vichekesho vyenyewe viko kwingine, na ukivifuata vitakuonyesha mahali kitabu kilipolegea.

Tuanze na umri. Edward Cullen, vampaya anayependwa hapa, alizaliwa Chicago mwaka 1901. Mwaka 1918, akiwa na miaka 17, mafua ya Hispania yalimlaza hospitalini, na daktari Carlisle akamgeuza vampaya ili asife. Bella naye, msichana anayetusimulia na aliyehamia Forks kutoka Phoenix, ana miaka 17 ya kweli. Kwa adabu za kwetu, siku ya kwanza darasani Bella angeanza na shikamoo, aitikiwe marahaba, ndipo wafungue madaftari. Badala yake, sura ya 2 inatuletea huyu babu na hadubini, anatambua hatua za mgawanyiko wa seli kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu. Mazungumzo yao ya kwanza ya maana ni juu ya kitunguu!

Na hapo hapo niseme: sura hiyo imeandikwa vizuri sana. Kwenye sura ya 1, Edward alimkwepa Bella kama mtu aliyekalishwa jirani na jaa, mpaka Bella akanusa nywele zake mwenyewe, akakuta zinanukia shampuu ya stroberi tu. Sasa kijana yule yule amekuja na heshima zote. Msomaji anataka kujua kimebadilika nini, na mwandishi hamjibu, anampa kazi ya mikono: slaidi, hadubini, kupokezana zamu, mmoja kutaja hatua na mwenzake kuhakikisha. Wahusika wakiwa na kitu cha kushika, mazungumzo hayaelei hewani. Ukitaka kujifunza kuandika watu wawili wanaotamaniana bila kutamka, isome sura hiyo ya 2 mara mbili.

Sura ya 5 shule inapima makundi ya damu. Bella anaishiwa nguvu kwa harufu ya damu. Msichana asiyestahimili hata tone moja, halafu anampenda anayeishi kwa damu, japo ni ya wanyama wa porini! Mtoto wa pwani aliyelelewa kwa kutishiwa mumiani ili asizurure jioni angekuwa ameshakata tiketi ya kurudi Phoenix.

Sura ya 14 kicheko kinapungua. Edward anakiri kwamba amekuwa akiingia chumbani kwa Bella usiku na kumtazama akilala. Unaweza kucheka: hana usingizi, miaka karibu 90 ya usiku mtupu, na hajajifunza hata kushona. Lakini angalia kitabu kinavyoipokea habari hiyo. Bella anaona haya tu, kwa hofu ya maneno anayoweza kuwa ameyatamka usingizini. Sasa rudi nyuma mpaka sura ya 8, mjini Port Angeles. Wanaume wanamzingira Bella barabarani, Edward anatokea na gari kwa wakati kwa sababu alikuwa akimfuatilia, kisha wanakwenda kula, yeye Bella ravioli ya uyoga, Edward hali kitu. Umeona mtego? Kila Edward anapovuka mpaka, msuko unampangia hatari ya kumthibitisha kwamba alifanya vyema. Mhusika anayethibitishwa na matukio kila mara hawezi kukosea, na asiyeweza kukosea hana pa kukua. Kwangu hiyo ndiyo kasoro nzito zaidi ya kumeremeta mara kumi.

Tuje kwenye muundo, kwa sababu hapa ndipo pana utamu. Kitabu kinafunguka na dibaji fupi: Bella yuko mbele ya mwindaji anayetaka kumuua. Vizuri. Sasa msubiri huyo mwindaji. Sura ya 3 gari linateleza kwenye barafu na Edward analizuia kwa mkono. Siye. Sura ya 6 Jacob Black, kijana wa La Push, anasimulia habari za kale ufukweni. Siye. Sura ya 13 wako kwenye uwanda wa maua. Bado. James, ndiye mwindaji mwenyewe, anatokea sura ya 18, familia ikiwa inacheza besiboli wakati wa radi, na kitabu kina sura 24 na hitimisho. Robo tatu imekwisha ndipo adui anaingia, na kabla ya hapo hakuna aliyemtaja hata kwa jina. Wakati wote huo dibaji imekaa mlangoni kama mgeni aliyeambiwa chakula kinaivishwa sasa hivi.

Sababu inajulikana. Meyer ameeleza mwenyewe kwamba aliota ndoto mwezi Juni 2003, msichana na vampaya kwenye uwanda wa maua, akaiandika. Hiyo ndiyo sura ya 13. Akaendelea mpaka mwisho, kisha akarudi kuandika mwanzo. Kwa hiyo nusu ya kwanza ilijengwa kutufikisha kwenye maua, na inatufikisha kweli. Haikujengwa kubeba mzigo wa James.

Tiba ilikuwa ndani ya nyumba. Baba yake Bella, Charlie, ni mkuu wa polisi wa Forks. Mtu mmoja angepatikana amekufa msituni kwenye sura ya 4, Charlie akalitaja mezani, na mwingine kwenye sura ya 9: aya mbili tu, na hofu ingetambaa kitabu kizima. Filamu ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Catherine Hardwicke ilifanya hivyo hasa, mauaji yanaanza mapema na Charlie anayafuatilia.

Halafu kilele. Bella anajipeleka peke yake kwenye studio ya baleti huko Phoenix, James anamvunja mguu, na mambo yanapopamba moto msimulizi anapoteza fahamu. Masimulizi ni ya nafsi ya kwanza, kwa hiyo Bella akizimia, na sisi tumezimiwa taa. Tunazinduka pambano limekwisha, na yaliyotokea tunakuja kuambiwa hospitalini. Kurasa zaidi ya 400, halafu pambano tunalipata kwa taarifa! Ukiandika kwa nafsi ya kwanza, mwache msimulizi macho yakiwa wazi mpaka tendo la mwisho, hata kama hawezi kusimama.

Wanaotaka kuanza kuchambua riwaya za namna hii kwa ucheshi, fanyeni hivi. Usomaji wa kwanza usishike kalamu. Wa pili shika penseli, na kila ulipocheka andika pembeni kinachokuchekesha ni nini: mhusika, msuko, lugha, au desturi ya mahali pengine usiyoizoea. Hiyo ya mwisho itupe, si kosa la kitabu. Kichekesho usichoweza kukitajia sura nacho kitupe, maana umekisikia kwa watu. Na msimcheke msichana aliyekipenda. Alichopenda kipo, nimewaonyesha sura ya 2.

Kuna sehemu moja sitaifanyia mzaha. Wakileute, kabila la Jacob, ni watu halisi, wenyeji asilia wa Marekani, La Push ni kijiji chao halisi, na simulizi lao la kale linasema asili yao ni mbwamwitu waliogeuzwa kuwa watu. Maadui vampaya anaowasimulia Jacob wamebuniwa na Meyer. Jumba la makumbusho la Burke, Seattle, lilishirikiana na Wakileute kuweka wazi kilicho chao na kilichobuniwa. Someni hayo kabla ya kitabu cha pili, ambako mbwamwitu wanachukua nafasi kubwa.

Kuhusu kununua: Kiingereza chake ni chepesi, na anayefuata riwaya ya Kiingereza kwa mara ya kwanza ataimudu, ila sifa za uzuri wa Edward zinajirudia mpaka unaweza kuruka mstari bila hasara. Ukikuta nakala nene isivyo kawaida, huenda ni toleo la mwaka 2015 la kutimiza miaka 10, lenye riwaya mbili. Ya pili ni Life and Death, hadithi ile ile wahusika wakiwa wamebadilishwa jinsia. Meyer alitaka kuwajibu waliosema Bella ni wa kuokolewa tu kwa sababu ni msichana. Hapo Beau, yaani Bella akiwa mvulana, ndiye wa kuokolewa, na kweli hoja inasimama. Mwisho nao ameubadilisha. Lakini mwindaji, ambaye sasa ni mwanamke, bado anawasili wakati wa besiboli.